Pembetatu ya mishale haikuahidi kitu: dhana potofu kuhusu urejelezaji

"Plastiki yenye alama ya mishale inarejelezwa"

Geuza chupa ya maji utazame kitakoni. Kuna pembetatu ya mishale mitatu, na ndani yake namba 1. Wengi wetu tunaisoma kama ahadi kwamba chupa hii itarudi kuwa chupa. Alama hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, na kazi yake ni kutaja aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na soda. Namba 2 ni ile ngumu ya madumu. Namba 5 ni ya vifuniko na vikopo vya mtindi. Namba 6 utaikuta kwenye vikasha vyeupe vyepesi vya kubebea chipsi. Mwaka 2013 kiwango chenyewe kilibadilishwa huko Marekani, mishale ikaondolewa ikabaki pembetatu tupu, lakini mishale bado imejaa madukani.

Kinachoamua ni soko. Mfuate muokota makopo wa Dar es Salaam uone anachoinama kuokota na anachokiruka. Chupa ya maji anaichukua, dumu analichukua. Kikasha cha chipsi anakipita: hakina uzito, kina mafuta, na hana wa kumuuzia.

Pale zinaponunuliwa kwa kilo, chupa zinatengwa kwa rangi, zile zisizo na rangi peke yake, za bluu na kijani peke yake, maana isiyo na rangi ndiyo inayokubali kugeuzwa kitu chochote. Zikishasagwa, vipande humwagwa kwenye tangi la maji. PET ni nzito kuliko maji, inazama. Vifuniko na pete zake ni plastiki nyingine, nyepesi, vinaelea na kuenguliwa juu. Hakuna mtambo wa ajabu hapo. Shida ni PVC, plastiki ya mabomba, ambayo nayo inazama. Kiasi kidogo tu kikipenya hadi kwenye kuyeyusha, ambako joto hupita nyuzi 250, kinatoa asidi inayoiharibu PET nzima na kuigeuza manjano.

Hata mambo yakienda sawa, chupa nyingi haziwi chupa tena. Zinafanywa nyuzi za poliesta za kujazia mito na kufumia nguo, na nguo hiyo ikichakaa hakuna anayeinunua kwa kilo. Watafiti waliojumlisha plastiki yote iliyowahi kutupwa duniani hadi mwaka 2015 walikuta iliyorejelezwa ni asilimia 9 hivi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017.

"Rambo zimekwisha, siku hizi tunabebea vitambaa"

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Mitaro imepata nafuu, hilo sibishani nalo. Lakini ule mfuko mbadala mlaini unaopewa dukani, wenye vishimo vidogo vidogo kama kitambaa, kwa kawaida ni polipropilini: plastiki namba 5. Kata kipande, toka nje, kiguse kwa kiberiti. Pamba ingeacha majivu. Hiki kinajikunja, kinayeyuka, kinaganda kuwa kidonge kigumu cheusi.

Faida yake ni kudumu, na faida hiyo unaipata ukiurudia. Anayenunua mpya kila akienda gengeni ametoka kwenye plastiki nyembamba kwenda kwenye nene. Kikapu cha ukili kinawashinda wote, ila nani anakumbuka kutoka nacho nyumbani?

"Imeandikwa inaoza, kwa hiyo itupe tu"

Inaoza wapi? Plastiki nyingi zinazotengenezwa kwa mahindi au miwa huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Ufukwe wa Kigamboni hauna joto hilo. Nyingine ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjike. Inapotea machoni, chembe zinabaki. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni hiyo ya pili kuanzia Julai 2021.

"Maganda ya ndizi hayana neno, ni udongo tu"

Yakifukiwa shambani au yakigeuzwa mboji inayopata hewa, sawa. Yakilaliwa na tani za taka nyingine dampo, hewa haiyafikii, na bakteria wanaoishi bila hewa wanatoa methani, gesi inayonasa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Moto unaofuka ndani ya dampo wiki nzima hupata kuni zake hapo. Na katika miji yetu mabaki ya jikoni na sokoni yanazidi nusu ya uzito wa taka zote. Yakichanganywa na makaratasi na chupa, mchuzi unaharibu vyote. Ndiyo maana inaudhi kutenga ndoo mbili nyumbani, halafu gari likija zote zinamwagwa shimo moja.

"Uchumi wa mzunguko ni kurejeleza kwa jina la kisasa"

Uchumi wa mzunguko ni kukitumia kitu tena na tena kabla hakijawa taka, na kurejeleza ni hatua yake ya karibu na mwisho, vingine vyote vikishindikana. Krate ya soda ndiyo mfano ninaoupenda. Muuza duka hakuachii uondoke na chupa ya kioo mpaka uache nyingine au hela yake. Chupa inarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa, inarudi dukani, mara nyingi kabla haijavunjika. Kuyeyusha kioo kunataka joto la nyuzi 1,500 hivi. Kuosha kunataka maji ya moto na magadi makali. Fundi feni na fundi viatu wamo kwenye mzunguko huo huo, ingawa hakuna anayewaalika kwenye semina.

"Kiwanda cha kurejeleza ni rafiki wa mazingira"

Owino Uhuru, Mombasa, kuanzia mwaka 2007 kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mwanawe mchanga alipopimwa alikutwa na madini hayo ya risasi mwilini, naye akaanza kudai kifungwe. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha amri ya fidia hiyo. Betri hizo zilirejelezwa kweli: risasi ilitolewa, ikauzwa. Moshi na maji machafu ndivyo vilivyoachiwa mtaa.