Bunduki na vyama vya Marekani: yasemwayo barazani na yaliyotokea

Ikifika habari ya watu kupigwa risasi Marekani, pale Jaws Corner, baraza letu la kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, kahawa haijapoa hukumu imeshatoka: Warepublican ndio wenye bunduki, Wademokrati ndio wanaozipinga, na ndivyo walivyoumbwa. Kwa hali ya leo, sehemu kubwa ya maneno hayo ni kweli. Tatizo ni hilo la "walivyoumbwa".

Dhana: Warepublican wamepinga sheria za bunduki tangu enzi na enzi.

Twende California, mwaka 1967. Vijana wa Black Panther, chama cha kutetea watu weusi, walikuwa wakizunguka mitaa ya Oakland na bunduki zao waziwazi, wakiwafuatilia polisi, na sheria ya jimbo iliwaruhusu. Mbunge wa Republican, Don Mulford, akapeleka mswada wa kuwazuia. Mwezi wa Mei kundi la Panther likaingia na silaha hadi ndani ya jengo la bunge, Sacramento, kuupinga. Walichopata ni kinyume cha walichotaka: mswada ulipita kwa kura za vyama vyote viwili, na gavana akautia saini. Gavana huyo alikuwa Ronald Reagan.

Mwaka 1980 NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, kikamuunga mkono Reagan huyo huyo agombee urais, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumuunga mkono mgombea urais yeyote. Mwaka 1981 akapigwa risasi, akanusurika. Mwaka 1986 akatia saini sheria iliyolegeza masharti ya biashara ya bunduki. Alipokwisha kustaafu, mwaka 1991, akajitokeza kuunga mkono sheria ya kumsubirisha na kumchunguza mtu anayenunua bastola, na mwaka 1994 akaungana na marais wastaafu Ford na Carter kutaka bunduki za mtindo wa kijeshi zipigwe marufuku. Ukiulizwa Reagan alikuwa upande gani, uliza kwanza ni mwaka upi.

Dhana: NRA ilianzishwa kupigania haki ya kumiliki silaha.

Ilianzishwa mwaka 1871 na maofisa waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliochoshwa na askari wasiojua kulenga shabaha. Mwaka 1934 rais wake, Karl Frederick, aliwaambia wabunge kwamba haoni sawa watu kutembea na bunduki ovyo, na kwamba jambo hilo lidhibitiwe kwa leseni. Mgeuko ulikuja mwaka 1977 katika mkutano mkuu uliofanyika Cincinnati, ambapo wanachama wenye msimamo mkali waliwang'oa viongozi wao usiku mmoja. NRA tunayoisikia leo ni ya baada ya usiku ule.

Dhana: Wademokrati nao ni wale wale siku zote.

Mdemokrati Kirsten Gillibrand alipokuwa mbunge wa eneo la mashamba kaskazini mwa New York, NRA, ambayo huwapa wanasiasa alama kwa msimamo wao juu ya bunduki, ilimpa A. Alipoingia Seneti mwaka 2009 na kuwakilisha jimbo zima, jiji likiwemo, msimamo ukabadilika na alama ikashuka hadi F. Chama chenyewe kilipitisha marufuku ya mwaka 1994 ya zile bunduki za mtindo wa kijeshi, kikapoteza Baraza la Wawakilishi mwaka huo huo, na wengi ndani yake wakailaumu kura ile ya bunduki. Marufuku ilipokwisha muda wake mwaka 2004, sauti za kuitetea zilikuwa chache. Zilirudi kwa nguvu baada ya watoto 20 kuuawa katika skuli ya Sandy Hook, mwaka 2012.

Nyuma ya yote hayo ni kuhama kwa watu. Baada ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, wazungu wa Kusini, ambako bunduki ni sehemu ya maisha, walianza kuwaacha Wademokrati kidogo kidogo na kuhamia kwa Warepublican. Sisi Zanzibar tumeona kinyume chake. Machi 2019, kiongozi wa upinzani Maalim Seif alipotoka chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo kwa "shusha tanga, pandisha tanga", matawi yalipakwa rangi mpya, madai yakabaki yale yale. Kule Marekani rangi ndiyo iliyobaki, madai yakabadilika.

Dhana: Katiba yao ilikwishamaliza mjadala mwaka 1791.

Marekebisho ya Pili ya katiba hiyo, yanayotaja haki ya kuwa na silaha, ni ya mwaka huo, ndiyo. Lakini ni mwaka 2008 tu ambapo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilitamka kwamba yanampa mtu binafsi haki ya kuweka bunduki nyumbani kujilinda. Jaji Mkuu mstaafu Warren Burger, aliyeteuliwa na Nixon wa Republican, alikuwa ameiita tafsiri ya namna hiyo utapeli, mwaka 1991.

Na mjadala haujafungwa. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo ilipanua haki ya kubeba bunduki hadharani. Siku hiyo hiyo Seneti ikapitisha sheria ya kubana zaidi ununuzi wa bunduki, na Warepublican 15 waliipigia kura ya ndiyo.