Kizibo kwenye gobore lenye mifereji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana nyingi kuhusu kizibo, yaani kipande laini kinachoshindiliwa mtutuni juu ya baruti, zina chanzo kimoja: mtu aliyezoea gobore la mtutu laini huhamishia desturi zake zote kwenye gobore lenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Kwenye mtutu laini kizibo hakikwepeki. Hushikilia baruti, na kingine hukaa juu ya marisau (chembe ndogo za risasi) yasimwagike. Mifereji inabadili hesabu hiyo.

Dhana: bila kizibo risasi haina nguvu.

Kwa risasi ya mviringo, anayeziba gesi na kuizungusha risasi ni kitambaa kinachoifunika. Chukua mtutu wa 12.7 mm: risasi huwa na kipenyo cha 12.45 mm hivi, na kitambaa cha pamba au kitani kilichopakwa mafuta huwa na unene wa 0.38 hadi 0.46 mm. Kitambaa ndicho kinachoshika mifereji. Kizibo hukaa chini yake, juu ya baruti, na kazi yake kubwa ni kukikinga kisiungue.

Kama unahitaji kizibo au la, vitambaa vilivyokwisha kupigwa vitakuambia. Viokote mbele ya mtutu, baada ya wote kuweka silaha chini. Kitambaa kizima, chenye duara la masizi katikati na kingo zilizochanuka, hakidai kizibo. Kilichoungua katikati kinaonyesha kuwa moto umekishinda: jaribu kitambaa kinene zaidi, au weka kizibo. Lakini kikiwa kimechanwa kwa mistari inayolingana na mifereji, kosa liko kwenye makali ya mifereji au ya mdomo wa mtutu, na hapo hata vizibo vitatu havitasaidia.

Dhana: chochote laini kinafaa.

Gazeti na majani makavu hutoka mtutuni yakiwa na moto. Wakati wa kiangazi hilo ni janga la mbuga. Sponji na nailoni huyeyuka na kuganda ndani ya mifereji. Kinachofaa ni sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, unene wa 3 mm, iliyokatwa duara kubwa kidogo kuliko tundu (13 mm kwa mtutu wa 12.7), kisha ikalowekwa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na shahamu. Grisi ya gari iache garini: ikiungua pamoja na baruti nyeusi huacha utando kama lami. Baruti hiyo yenyewe ina uchafu wa kutosha, maana zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka moshi mzito na ukoko badala ya gesi.

Wala mafuta mengi si ubora. Kizibo kinachochuruzika huloweka baruti, hasa bunduki ikikaa juani ikiwa imeshindiliwa, na fataki (kifuniko kidogo cha kuwashia baruti) italia bure. Kikamue, au tanguliza duara la karatasi ngumu kavu.

Dhana: kizibo kikiwepo, nafasi kidogo si neno.

Hii ndiyo ya hatari. Baruti, kizibo na risasi lazima vigusane. Risasi ikiishia njiani, mtutu unaweza kuvimba pete au kupasuka. Ndiyo maana mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, huchorwa alama mbili usawa wa mdomo wa mtutu: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Wengi husahau kwamba kizibo huinua risasi kwa milimita mbili tatu. Ukianza kukitumia, chora alama mpya. Ya zamani itakudanganya.

Dhana: risasi ya Minié nayo inataka kizibo.

Haitaki. Risasi hiyo ndefu yenye ncha, kama ile ya bunduki ya Kiingereza ya Enfield ya 1853, ina shimo kitakoni. Gesi huitanua hadi ishike mifereji. Kizibo kikijipenyeza shimoni au kikatoka kimeng'ang'ania kitako, risasi huyumba hewani.

Dhana: ukitumia kizibo chenye mafuta, huna haja ya kupangusa.

Hulainisha ukoko tu. Mdeki ukianza kuwa mzito, pangusa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, kabla ya kumimina tena. Na baruti imiminwe kutoka kwenye kipimo kidogo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti: cheche ya kizibo kilichopita inaweza kuwa bado iko chini.