Skrini Nyeusi Yenye Mistari Miwili: Soma Kabla Hujamwita Mhudumu

"Dada, hii mashine imekufa."

Nalisikia hilo mara nyingi kaunta ya maktaba, hasa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, foleni inapofika mlangoni. Kijana ametoka Igoma kwa daladala, amepata kiti, amebonyeza kitufe cha kuwashia, na badala ya picha aliyoizoea anakutana na skrini nyeusi. Mstari mmoja umeandikwa Linux Mint, mwingine Windows Boot Manager. Chini yake sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma: 10, 9, 8.

Haijafa, mdogo wangu. Inakuuliza unataka mfumo upi. Chagua kwa vitufe vya mishale, bonyeza Enter. Ukiendelea kuishangaa, sekunde zitaisha na itajichagulia yenyewe.

Mfumo endeshi ndio programu inayotangulia kuamka kompyuta inapowashwa. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosema na kibodi, printa na flashi, na programu nyingine zote hupanda juu yake. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo, Linux Mint ni mwingine, wa familia ya Linux. Wengi huamini kompyuta na Windows ni kitu kimoja, kwa sababu ndiyo waliyoikuta shuleni, ofisini na steshenari. Lakini huyo huyo anayeniambia hajawahi kugusa Linux ana simu ya Android mfukoni, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa hiyo umeigusa tangu asubuhi.

Kwa nini maktaba ya umma ijisumbue na mifumo miwili? Nianze na lililotusukuma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za bure za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haizimiki siku hiyo, inaendelea kuwaka vizuri tu, na hapo ndipo hatari ilipo: tundu jipya la usalama likigunduliwa, halizibwi. Kwenye mashine ya nyumbani ni shida yako na familia yako. Kwenye mashine ambayo kwa siku moja watu kadhaa wanaingiza namba ya NIDA, paswodi ya barua pepe na taarifa za ajira, ni jambo jingine kabisa.

Suluhisho la haraka lingekuwa kupandisha kila kitu kwenda Windows 11. Ila Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua GB 4, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Maktaba nyingi za huku kwetu zinaishi kwa kompyuta za msaada, zenye prosesa za Intel i3 na i5 za kizazi cha 3 au cha 4, zilizokwisha kufanya kazi ofisini kwa mtu kabla hazijafika ziwani. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 ikubali mashine hizo, na zipo Windows za kukraki kwenye flashi za mafundi mjini. Zote mbili tumezikataa. Mashine ya umma haiwekwi kwa ujanja.

Basi tulizigawa. Kompyuta za zamani zina Linux Mint peke yake, na kwa kusoma, kuandika na kuingia mtandaoni zimekuwa nyepesi kuliko zilivyokuwa. Mpya kiasi zina Windows 11. Chache katikati zina yote miwili, na hizo ndizo zenye skrini nyeusi. MacOS, mfumo wa kompyuta za Apple, hamtaikuta, na si kwa ubaguzi: leseni ya Apple inairuhusu kwenye mashine za Apple tu.

Ukae wapi? Kama umekuja kuangalia matokeo ya NECTA, kuomba mkopo, kujaza Ajira Portal au kusajili jina la biashara BRELA, kaa popote palipo wazi. Hizo ni kazi za kivinjari, na Firefox ipo pande zote mbili. Kama unajifunza Excel kwa sababu tangazo la kazi limeitaja kwa jina, kaa kwenye Windows. Sitakudanganya kwamba LibreOffice, programu ya ofisi ya upande wa Linux, ni ile ile. Vifungo vimekaa kwingine, na kwenye usaili utaulizwa kilichoandikwa. Wanafunzi wa uvuvi wanaochora ramani za ziwa wanaifungua QGIS pande zote, haina tofauti.

CV ndiyo inayowaumiza watu. Umeiandika nyumbani kwa Word, unaifungua kwetu kwenye LibreOffice, jedwali limehama na jina lako limerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi chanzo ni fonti. Times New Roman ni mali yenye leseni, kwa hiyo Linux huweka Liberation Serif, yenye herufi za upana ule ule, na kwa kawaida mistari hukaa palepale. Ukiwa umetumia fonti ya mapambo, hakuna wa kuifidia. Dawa yake ni kuja na nakala mbili: ya Word kwa kurekebisha, na ya PDF kwa kutuma na kuprinti. PDF haihamishwi na mfumo.

Sasa flashi. Mwalimu mmoja alinijia akitetemeka kidogo, mitihani ya muhula mzima imepotea baada ya kwenda kuprinti mjini. Tukaichomeka flashi yake kwenye Windows: njia za mkato tupu, kila folda imegeuka kuwa na kimshale. Tukaihamishia kwenye mashine ya Linux. Ndani kulikuwa na folda moja isiyo na jina, na ndani yake mitihani yote, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Kirusi kilikuwa kimeificha tu kwa alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux inaipuuza. Tulinakili mafaili yake, tukaifuta flashi yote, tukayarudisha. Msitoke hapa mkisema Linux haishikwi. Kirusi kile kiliandikwa kwa ajili ya Windows, ndiyo maana kililala. Ukurasa wa uongo unaokuomba paswodi ya benki utakuibia ukiwa kwenye mfumo wowote.

Tumeyapata na ya kwetu. Wiki ya kwanza ya mashine za mifumo miwili, ugomvi ulizuka kwenye foleni. Ni saa nane mchana, watu wanatoka kula, lakini Windows inaonyesha 11:00 na programu yetu ya kugawa zamu inampa mtu muda ambao si wake. Mwanzoni nilidhani kuna mtoto kaiweka kwa saa za Kiswahili, hesabu ikakataa: hiyo ingekuwa 8:00. Tofauti ilikuwa saa tatu kamili, na hizo saa tatu ndizo zilizotuambia ukweli. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri. Windows huiandikia majira ya mahali ulipo. Linux huiandikia majira ya dunia, yaani UTC, na Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu. Kila aliyetoka Linux alimwachia wa Windows saa iliyorudi nyuma. Fundi anayesoma hapa, amri ya kuifanya Linux nayo iandike majira ya mahali ni moja, upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Na ukiwa hapo, zima ile huduma ya Windows ya kuwaka haraka, kwa maana Windows iliyozimwa kwa namna hiyo inakuwa haijafunga diski sawasawa na Linux itakataa kuandika humo.

Walimu wa shule za Ilemela na wa visiwani huniuliza kama nao wafanye hivi. Jibu langu: jaribuni kwanza bila kugusa diski. Linux Mint inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya GB 8. Chomoa, zima, na kompyuta inarudi ilivyokuwa. Jaribuni printa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu baadhi ya printa za bei rahisi hazielewani kabisa na Linux, na hilo ni afadhali kulijua kabla hamjafuta kitu. Halafu, kwa maoni yangu, shule yenye kompyuta za kutosha iweke mfumo mmoja kila mashine na kuibandika usoni karatasi yenye jina la mfumo. Mifumo miwili kwenye diski moja inataka mtu wa karibu wa kuiangalia.

Kiswahili pia kimo humu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wake uko wazi: hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni.

Uwazi huo ndio unaoniwezesha kuazimisha mfumo kama ninavyoazimisha kitabu. Ufunguo wa Windows wa maktaba siwezi kukupa. Linux Mint naweza, leseni inaniruhusu kunakili na kugawa, nawe unaruhusiwa kumnakilia jirani. Faili lake ni karibu GB 3, bando zima kwa mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Kwa hiyo sisi tunaipakua mara moja, flashi inavuka ziwa mfukoni mwa mtu. Flashi hizo zipo kaunta, kwenye droo chini ya daftari la wageni. Njoo na kitambulisho, irudishe ndani ya siku saba, na tafadhali usiitumie kuprintia picha za harusi steshenari njiani.