Siku ya Nane, Nakala Yako Iko Wapi?

Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo alitupigia simu mwezi Machi. Michango ya wanachama ya Novemba haikuonekana kwenye mfumo. Mtu aliyekuwa akiondoa rekodi zilizojirudia alifuta zaidi ya alichokusudia, na hakuna aliyegundua mpaka walipoanza kufunga hesabu za mwaka. "Lakini si tuko kwenye wingu, na nakala zinachukuliwa kila usiku?" Kweli, zilikuwa zikichukuliwa. Zilikuwepo saba, na zote saba zilikuwa na pengo lilelile.

Nakala rudufu za kiotomatiki kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi za kampuni kama Amazon na Microsoft, ni za kukuokoa na ajali ya jana au juzi. Ukiunda hifadhidata kwenye Amazon RDS, huduma ya hifadhidata ya Amazon, kupitia ukurasa wake wa usimamizi, kila nakala inatunzwa siku 7 kisha inafutwa. Ukiiunda kwa amri bila kutaja muda, ni siku 1 tu, jambo ambalo hata mafundi wazoefu husahau. Unaweza kuongeza hadi siku 35, usivuke hapo. Azure SQL, huduma kama hiyo ya Microsoft, nayo hukupa siku 7 usipobadilisha kitu, na kuishia 35. Sasa linganisha na sheria za kodi za Tanzania na Kenya, zinazotaka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Kwa hiyo kinachopita siku 35 lazima ukipange mwenyewe. Azure SQL ina mpangilio wa uhifadhi wa muda mrefu unaofika miaka 10. Unachagua ngapi zibaki za kila wiki, kila mwezi na kila mwaka. Kwenye RDS unachukua nakala kwa mkono, na hiyo haiishi muda wake mpaka uifute. Kikomo cha kuanzia ni nakala 100 za namna hiyo kwa kila kanda (eneo zilipo seva za Amazon), hivyo usijaribu kutunza ya kila siku. Moja kila mwezi kwa miaka mitano ni 60, zinaenea. Ukichoka kukumbuka tarehe, huduma ya AWS Backup (AWS ndiyo wingu la Amazon) itakufanyia kwa ratiba.

Kuitunza ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayowaumiza watu. Nakala iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa msimbo wa siri, hufunguka kwa ufunguo wake wa kidijitali tu. Akija msimamizi mpya, akaona ufunguo wa zamani "hautumiki" na kuufuta, nakala zote zilizosimbwa kwa ufunguo huo zimekwenda nao, ingawa bado utazikuta kwenye orodha na utaendelea kuzilipia. AWS hutoa muda wa kusubiri wa siku 7 hadi 30 kabla ufunguo haujafutwa kabisa. Jina la ufunguo liandikwe mahali, pamoja na orodha ya nakala zinazoutegemea.

Kisha kuna toleo la programu. Nakala ya MySQL 5.7, toleo la zamani la programu ya hifadhidata, inataka mashine inayoielewa MySQL 5.7, na toleo hilo liliacha kupata masasisho ya kawaida mwaka 2023. Kwa kumbukumbu za miaka mingi mimi hupenda, pamoja na nakala ya wingu, kutoa faili la kawaida la SQL, yaani maandishi ya amri za kuijenga upya hifadhidata, kwa zana ya mysqldump (ya MySQL) au pg_dump (ya PostgreSQL). Ni zito na linachukua muda kurejesha, lakini halimtegemei mtoa huduma mmoja.

Faili hilo lisikae kwenye akaunti ileile. Mwaka 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti ya AWS ya kampuni ya Code Spaces akafuta data pamoja na sehemu kubwa ya nakala zake. Kampuni ikafunga biashara.

Msije mkatunza kila kitu milele, hata hivyo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazipendi taarifa za watu zibaki baada ya kazi yake kwisha. Amueni mapema nakala ipi inafutwa lini, na nani anafuta.

Chama kile kiliokolewa na vitabu vya stakabadhi vilivyokuwa kabatini. Makarani wawili waliandika upya Novemba nzima, risiti moja moja. Siku hizi nakala yao ya mwezi huchukuliwa kila tarehe mosi, na mara mbili kwa mwaka mhasibu mwenyewe hukaa na fundi, wakairejesha moja kwenye seva ya majaribio na kuhesabu kama wanachama wote wamo.