Msuli wa jicho la nduaro ulioacha kuvuta

Pasua kichwa cha nduaro mwenye upanga bapa mdomoni (Xiphias gladius) uangalie nyuma ya jicho. Utakuta pande la nyama ya kahawia lililozungukwa na mafuta, ambalo kwa kawaida huishia jalalani. Pande hilo limetokana na mmoja wa misuli ya kugeuza jicho, lakini siku hizi kazi yake ni kutoa joto.

Mchana nduaro huyu huzama hata kupita mita 500 akitafuta ngisi na samaki wa vilindini, kwenye maji ambayo mara nyingi hayafiki nyuzi 10 za Selsiasi. Kuupasha mwili mzima kungemtia hasara, maana kila damu inapopita kwenye matamvua hukutana na maji baridi na kupoteza joto. Kwa hiyo hupasha macho na ubongo tu.

Msuli wa kawaida ukipata amri ya neva humwaga kalsiamu ndani ya seli, nyuzi zake zikajikunja, kisha pampu ndogondogo huirudisha kalsiamu ghalani. Pampu hizo hula nishati na kutoa joto. Katika pande hili la kahawia nyuzi za kujikunja zimebaki chache mno: kalsiamu humwagwa na kurudishwa bila chochote kuvutwa, kama gari linalokanyagwa mafuta gia ikiwa huru. Mitokondria, zinazotengeneza nishati ya seli, zimejaza zaidi ya nusu ya nafasi. Sisi tukipigwa na baridi hutetemeka, misuli ikishindana yenyewe kwa yenyewe. Nduaro hupata joto bila jicho kutikisika.

Nalo halipotei ovyo, kwa kuwa mishipa inayoingiza damu na inayoitoa imelala ubavu kwa ubavu, na damu baridi inayoingia hulipokea joto la ile inayotoka. Mwanabiolojia Francis Carey, aliyeueleza mtambo huu mwaka 1982, alikuta ubongo una joto kuliko maji ya nje. Tofauti huweza kufika nyuzi 10 hadi 15.

Faida yenyewe iko kwenye kuona. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) yenye joto hufuata mwanga unaomemeteka upesi zaidi ya mara 10 kuliko iliyopoa. Kwa anayewinda ngisi gizani, hiyo ni tofauti ya kula na kulala njaa.

Sulisuli nao wanacho kihita hiki. Gasterochisma melampus, jamaa wa jodari anayeishi bahari baridi za kusini, anacho pia, ila chake kimetokana na msuli mwingine wa jicho. Ndiyo maana wanabiolojia husema kilizuka zaidi ya mara moja.