Mba na kichwa kilicholowa mafuta

Wengi wanaonijia na mba huja kichwa kimelowa mafuta. Wameambiwa ngozi imekauka, basi wanapaka ya nazi asubuhi na jioni, na unga mweupe unazidi kudondokea mabegani.

Katika vitabu vya kale vya Sushruta na Vagbhata, mabingwa wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India tunayoifuata, hali hii huitwa darunaka: ngozi ya kichwa inakakamaa, inawasha na kupasuka kwa kuchafuka kwa vata na kafa, yaani nguvu za mwili za upepo na za ute. Dawa huanza na mafuta, ni kweli. Lakini mafuta hayo hukandwa, yakalainisha magamba, kisha yakaoshwa. Hapa elimu ya kisasa haipingani nasi: fangasi waitwao malasezia, tulio nao karibu sote kichwani, hula mafuta ya ngozi na kuacha asidi zinazoichokoza. Ukiyaacha mafuta siku tatu, umewaandalia karamu.

Mimi hupenda kuanza na uwatu. Loweka vijiko viwili vya chakula usiku kucha. Asubuhi punje zitakuwa zimevimba na maji yamekuwa ute. Saga mpaka uji uvutike kama bamia, kisha chuja kwa kitambaa. Usiruke hatua hiyo, hasa ukiwa umesuka, maana chembe zikishakauka kwenye mistari utazichokonoa wiki nzima. Paka kwenye ngozi, siyo kwenye nywele, kaa nusu saa, osha kwa shampuu laini. Harufu ya mchuzi itabaki kidogo, vumilia.

Suuza mwisho kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupoa. Mafuta ya mbegu zake ni makali: changanya matone machache na ya nazi, jaribu kwanza nyuma ya sikio, na usimnyweshe mtoto hata kidogo, yanaweza kumdhuru vibaya. Ndimu ninaikataa. Inachoma ngozi iliyokunwa, na ukitoka juani na maji yake kichwani unaweza kubabuka. Kule Kerala, kusini mwa India, wana mafuta maarufu ya mba yanayopikwa kwa majani ya mnanaha, lakini mnanaha ni sumu, kwa hiyo usijipikie jikoni kwako.

Uwatu na mwarobaini hutuliza mba wa kawaida. Kama baada ya mwezi bado unajikuna, mimi mwenyewe nitakuelekeza duka la dawa ukanunue shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2. Tumia mara mbili kwa wiki, iache dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza. Sioni aibu kusema hivyo.

Mtoto mwenye mabaka yaliyonyonyoka nywele usimpake chochote kati ya hivi. Huenda hayo ni mapunye, na fangasi wake wameingia ndani ya unywele ambako dawa ya kupaka haifiki. Mpeleke hospitali apimwe. Kwa kawaida huhitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa.