Je, wajua kwa nini mbwa mwitu wa IKEA aligombaniwa Hong Kong?

Desemba 2013, watu wa Hong Kong walipanga foleni nje ya maduka ya IKEA kabla hayajafunguliwa. Hawakufuata vitanda wala makabati. Walimfuata Lufsig, mdoli laini wa mbwa mwitu aliyevalishwa shati la miraba. Wakati huo IKEA ilikuwa na maduka matatu Hong Kong, na yote matatu yaliishiwa. Krismasi ilikuwa inakaribia, lakini wengi wa waliokuwa kwenye foleni hizo walikuwa watu wazima, na hawakuwa wakimnunulia mtoto zawadi.

Mdoli wenyewe hauna makuu. Umetokana na ile ngano ya Ulaya ya mbwa mwitu aliyemmeza bibi kizee, ndiyo maana uliuzwa pamoja na bibi mdogo wa kitambaa. Bei yake haikufika dola 100 za Hong Kong. IKEA ni kampuni ya samani ya Uswidi, iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, na bidhaa zake nyingi huzipa majina ya kwao. Kwa Kiswidi, Lufsig ni mtu mzito wa mwendo, anayejikokota. Siasa haikuwamo.

Iliingia tarehe 7 Desemba. Leung Chun-ying, Mtendaji Mkuu wa Hong Kong, yaani kiongozi wa serikali yake, alikuwa kwenye mkutano wa kusikiliza maoni ya wakazi, na mpinzani mmoja akamrushia mdoli huo. Picha zilienea haraka, na Lufsig akaanza kutafutwa kila duka.

Angeweza kurushiwa kitu kingine chochote. Lakini Leung alikuwa akiitwa mbwa mwitu tangu alipogombea cheo hicho mwaka 2012. Waliomchukia walisema ni mtu wa hila, na jina la ukoo wake, likitamkwa kwa Kikantoni, halipishani sana na neno la mnyama huyo. Alikuwa na jina jingine la utani ambalo naona lilimuuma zaidi: 689. Hizo ni kura zilizomweka madarakani, katika kamati ya wapiga kura 1,200, ilhali Hong Kong ina watu zaidi ya milioni 7. Mtu wa kawaida hakuwa na kura ya kumpa wala ya kumnyima. Asiye na kura hutafuta njia nyingine ya kusema hapana, na hapo ndipo duka la samani lilipowapa watu silaha bila kujua.

Silaha yenyewe ilikuwa jina la Kichina la mdoli. Kichina hakina alfabeti, kwa hiyo jina la kigeni huandikwa kwa kutafuta herufi za Kichina ambazo sauti zake zinalikaribia. IKEA ilichagua herufi tatu ambazo msemaji wa Mandarini, lugha rasmi ya China bara, huzisoma takriban "Lu Mu Xi". Hazina ubaya wowote. Ila maandishi ya Kichina husomwa na watu wa lugha mbalimbali, kila mmoja kwa matamshi yake, na Hong Kong watu huzungumza Kikantoni. Kwa Kikantoni, herufi zile zile hutoka kama "Lo Mo Sai", na masikio ya pale husikia tusi zito linalotaja uchi wa mama. Sisi Waswahili hatuna haja ya kuelezwa sana: Mjapani akimtaja dubu kwa lugha yake mbele ya wakwe zetu, watu watatazama chini.

Basi ikawa mtu anaweza kutamka tusi hilo hadharani, mchana kweupe, akiwa na mdoli mkononi, na akiulizwa anajibu kwamba anataja bidhaa ya dukani. Hata kusema tu kwamba fulani amerushiwa Lufsig kulitoa sentensi ambayo hakuna gazeti lingethubutu kuichapa kwa maana yake ya pili. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kilichowapeleka watu dukani kuliko umbo la mbwa mwitu. Jina la utani lilikuwapo tangu mwaka uliotangulia na halikumaliza mdoli hata mmoja.

Kuna jambo la ulaini pia. Hong Kong walishazoea kuona viongozi wakirushiwa vitu: mwaka 2008 mbunge mmoja alimtupia ndizi Donald Tsang, aliyemtangulia Leung, wakati wakigombania posho ya wazee, ambayo wenyeji huiita pesa ya matunda. Mdoli uliojaa pamba bandia haumjeruhi mtu, na polisi akimkamata aliyeubeba ataonekana kituko. Kwa hiyo hata mwoga aliweza kuandamana nao, na katika maandamano ya siku ya Mwaka Mpya 2014 Lufsig alikuwemo.

IKEA ilisema jina lile la Kichina lilikuwa bahati mbaya, ikalibadilisha. Ni uamuzi wa haki, maana mtoto anayenunuliwa mdoli hastahili kubebeshwa tusi, lakini wanunuzi walikuwa wameshalishika la kwanza. Jambo linalonifurahisha zaidi ni njia ya fedha: kuanzia 2003, IKEA ilikuwa na kampeni ya kila Novemba na Desemba, ambapo kwa kila mdoli laini uliouzwa ilitolewa euro 1 kwa elimu ya watoto kupitia UNICEF na Save the Children. Lufsig alirushwa katikati ya msimu huo.

Leung naye hakununa. Aliweka hadharani picha ya Lufsig akiwa juu ya meza yake, akasema amemnunulia binti yake, na akausifu ubunifu wa watu wa Hong Kong. Alicheza vizuri, kwani kejeli hupungua makali pale anayekejeliwa anapoipokea. Madai yaliyokuwa nyuma ya mdoli hayakupungua. Septemba 2014 barabara kuu za Hong Kong zilijaa watu wenye miavuli, wakidai haki ya kumchagua Mtendaji Mkuu wao wenyewe, na wakakaa humo siku 79.